Dalali na mnunuzi wa nyumba ya kwanza: Yuko upande wa nani?

MIONGONI mwa mambo mazito ambayo mtu wa mjini huyafanya mara moja tu katika umri wake ni kununua nyumba. Kazi mtu anaweza kubadili, biashara ikifa anaweza kuanza nyingine, lakini fedha za nyumba ya kwanza aghalabu ni jasho la miaka kumi au kumi na tano, na zikipotea hazirudi. Ajabu ni kwamba jambo hili kubwa mtu hulifanya hali hajawahi kulifanya kabla, na anayemshika mkono kumvusha ni mtu ambaye hamjui vizuri. Naye ni dalali.

Katika makala haya nakusudia kuwazungumzia madalali, si kwa kuwatukana kama ilivyo desturi yetu tukikaa barazani, bali kwa kuuliza swali moja: Dalali mwenye kumcha Mola wake anaweza kumsaidia vipi mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza? Nitaanza na kisa ambacho nakijua vizuri.

Kijana mmoja tunayeswali naye, kazi yake fundi friji, alikusanya fedha kwa miaka kumi na moja. Alianza kidogo kidogo, baadaye akauza pikipiki yake, mkewe akatoa fedha alizopata kwenye mchezo wa kina mama, hatimaye zikatimia shilingi milioni 36. Akapata nyumba ya vyumba vitatu upande wa Chanika, jijini Dar es Salaam, imeezekwa lakini haijapigwa lipu. Dalali akamwambia kwamba mwenye nyumba hataki kusikia chini ya milioni 35, na kwamba yupo mteja mwingine anakuja saa kumi jioni, fedha mkononi. Kijana akalipa siku ile ile, na milioni moja iliyobaki akampa dalali kama ujira wake.

Baada ya miezi mitatu, siku ya Ijumaa, kijana akajikuta amekaa ubavuni kwa mtoto wa yule mzee aliyeuza. Baada ya swala wakazungumza hili na lile. Ndipo alipojua kuwa mzee alipokea milioni 28. Na yule mteja wa saa kumi hakuwapo kabisa.

Milioni saba, ndugu msomaji. Kwa kijana yule hiyo ni lipu, dari, madirisha na choo cha ndani. Nilipomuuliza kwa nini hakuonana na mzee mwenyewe akamuuliza bei, alinitazama kidogo, akasema: "Nilidhani dalali ni wangu."

Dalali ni wa nani?

Jibu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mnunuzi mgeni humwona dalali kama wakili wake. Wamezunguka pamoja juani, wamepanda bodaboda moja, amempa elfu kumi ya usumbufu kila walipokwenda kuangalia nyumba, wamekunywa soda na kujuliana hali za watoto. Mtu wa namna hiyo atakuwaje upande mwingine?

Lakini hebu tutazame dalali analipwaje. Hulipwa biashara ikikamilika, na hulipwa zaidi bei ikipanda. Akimwambia mteja, "Nyumba hii usinunue, ina kesi," siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Zaidi ya hapo, mara nyingi dalali si mmoja. Yule uliyempigia simu anamjua dalali wa mtaa, wa mtaa anamjua shemeji wa mwenye nyumba, na kila mmoja katika mnyororo huo anaongeza chake. Mtaani wanakiita "cha juu". Mwenye nyumba hakijui, mnunuzi hakijui, na wote wawili wanaagana kwa furaha wakimshukuru aliyewakutanisha.

Tusije tukafahamiana vibaya. Udalali wenyewe ni kazi ya halali na ya zamani. Swahaba Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia kwamba wao zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali, Mtume (s.a.w.) akawapitia sokoni akawaita kwa jina bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara. Kisha akawatanabahisha kuwa biashara huingiwa na maneno yasiyo na maana na viapo, akawausia waichanganye na sadaka. Imam Bukhari naye ameweka katika Sahihi yake mlango unaohusu ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake.

Katika mlango huo huo limetajwa jambo linalohusu moja kwa moja hiki "cha juu" chetu. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba si vibaya mtu kumwambia mwenzake amuuzie kitu chake kwa bei fulani, na kitakachozidi kiwe cha muuzaji. Imam Ahmad amelikubali hilo. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, wamelikataa kwa sababu ujira wa namna hiyo haujulikani ni kiasi gani. Hiyo ni khitilafu ya wenye elimu, na kila mtu amuulize sheikh wake. Ila tuangalie vizuri: hata aliyeruhusu, ameruhusu pale ambapo mwenye mali mwenyewe amelisema na kuliridhia. Hakuna aliyeruhusu dalali amwambie mnunuzi kuwa mwenye nyumba amesema milioni 35 ilhali amesema 28. Huo ni uongo, na katika uongo hakuna khitilafu.

Na yule mteja wa saa kumi? Huyo ana jina katika fiqhi. Kupandisha bei, au kumsukuma mnunuzi, kwa kumtumia mtu asiyekusudia kununua huitwa najshi, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Zamani mtu wa najshi alilazimika kusimama sokoni ataje bei ya uongo kwa kinywa chake. Siku hizi dalali humpigia simu mwenzake mbele ya mteja: "Vipi bosi, unakuja na mzigo leo?" Yaliyobaki moyo wa mnunuzi unayafanya wenyewe.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa dalali kwa mnunuzi wa mara ya kwanza haugharimu hata senti tano. Ni kumwambia mapema, kabla hawajapanda bodaboda, mambo mawili: mimi nimetumwa na nani, na nalipwa na nani, kiasi gani. Kama analipwa na pande zote mbili, pande zote mbili zijue. Na siku ya kukubaliana bei, mnunuzi na mwenye nyumba wakae uso kwa uso, bei itajwe na mwenye mali kwa mdomo wake.

Wapo madalali wanaotaka asilimia tano, wapo wanaotaka kumi. Mimi naona dalali aliyechukuliwa na mnunuzi asilipwe kwa asilimia kabisa, bali kwa kiasi maalumu kilichotajwa tangu mwanzo. Kumlipa asilimia mtu uliyemtuma akupunguzie bei ni sawa na kumlipa mchungaji kwa idadi ya mbuzi walioliwa na fisi.

Madalali nao wana malalamiko, na ni ya haki. Dalali mmoja wa Mbagala aliniambia, kwa uchungu kabisa, kwamba wateja wamemfanya awe mjanja. Anakuja mtu, anaonyeshwa nyumba tano kwa siku tatu, kisha usiku anarudi peke yake kwa mwenye nyumba, wanamalizana, dalali anasikia harufu ya pilau la kuhamia. Hao waliomruka ni sisi sisi, tunaosimuliana msikitini habari ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Dalali anayejua atarukwa ataficha bei na atamficha mwenye nyumba. Dawa ya pande zote mbili ni karatasi moja: dalali fulani atamtafutia fulani nyumba, akiipata kupitia kwake atalipwa kiasi fulani. Wasaini mbele ya shahidi, ndipo safari ianze.

Muhuri si hati

Mnunuzi mgeni akiona muhuri anadhani ameona hati. Hapa dalali mwenye uzoefu anaweza kumfaa sana, au kumzamisha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hiyo ndiyo hati miliki. Halafu kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na hutolewa katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa. Halafu kuna karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo inaonyesha tu kuwa fulani na fulani walikuja wakauziana mbele ya watu. Nyumba zenye karatasi tatu hizi tofauti haziwezi kuwa na bei moja hata zikiwa na tofali zile zile. Dalali anayezichanganya kwa makusudi, akaita kila karatasi "hati", anauza kisichokuwepo.

Kama kuna hati, basi ifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, ili ijulikane jina lililoandikishwa ni la nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na fedha zinazokwenda kutolewa. Jambo la muhimu ni kwamba upekuzi ufanywe kabla ya kutoa advansi. Madalali wengi hugeuza utaratibu huu: toa kwanza advansi "nyumba isiondoke", kisha tutafuatilia karatasi. Na ukisikia neno "hati ipo, inafuatiliwa wizarani", simama hapo hapo. Hiyo "inafuatiliwa" imekula fedha za watu wengi.

Kuna deni la kodi ya pango la ardhi, ambalo hukifuata kiwanja na si mtu. Kuna ushuru wa stempu, takriban asilimia moja ya thamani. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, ambayo kisheria ni ya muuzaji, lakini katika mikataba yetu ya vibarazani hujikuta imeangukia mgongoni kwa mnunuzi. Kijana aliyekusanya milioni 36 akatumia zote kwenye bei hana tena cha kuhamishia jina, na nyumba inabaki kwa jina la mzee miaka na miaka. Dalali angemwambia mapema: ndugu yangu, wewe tafuta nyumba ya 31, zilizobaki ni za karatasi. (Na kwa kuwa tumegusa akiba, wengi wanaokusanya fedha za nyumba husahau kuitolea zaka kila mwaka. Hilo nalo waulize masheikh.)

Wapo madalali wanaoshauri bei iandikwe ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue: nyumba ya milioni 35 inaandikwa 15. Mnunuzi anaona amesaidiwa. Siku akijitokeza mtu kudai kuwa nyumba ni yake, na mnunuzi akataka kurudishiwa fedha zake, karatasi aliyoisaini kwa mkono wake inasema alitoa 15. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) imekuja kutufundisha kuandikiana na kuweka mashahidi, na imemuamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu. Tunaisoma kila Ramadhani. Kisha tunakwenda kuandikiana juu ya meza ya mama ntilie, bei ya uongo, shahidi ni dalali mwenyewe.

Wanawake wanaonunua kwa fedha zao nao wana la kuangalia. Dada anatoa fedha, kaka au shemeji ndiye "anayesimamia", na jina linaloandikwa ni la msimamizi. Uislamu umempa mwanamke mali yake kamili. Dalali akiona fedha zimetoka kwa mwanamke na jina la kwenye mkataba ni la mwanamume, aulize kwa heshima. Swali moja tu pale lingeokoa mengi.

Nyumba ya marehemu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye machozi mengi.

Nyumba nyingi zinazouzwa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ni za mirathi. Baba amefariki, ameacha watoto sita wa mama wawili. Kaka mkubwa ndiye anayeishi mle ndani na ndiye mwenye hati kwenye sanduku. Anataka kuuza. Dalali ni mtu wa mtaa huo huo, alikuwepo siku ya hitma, anajua kuwa kuna dada ameolewa Tanga na kuna wadogo wawili wa mke wa pili ambao bado wanasoma. Mnunuzi hajui lolote kati ya hayo. Anaona mtu mzima mwenye hati mkononi, wameshabihiana majina, anaridhika.

Kisheria, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa ukubwa wake. Kisharia, fungu la dada wa Tanga ni lake hata kama hajakanyaga Dar es Salaam kwa miaka ishirini. Dada yule akija kudai, kesi huanza kwenye mabaraza ya ardhi, hupanda mahakamani, na mnunuzi anazeeka nayo. Ameshabomoa, ameshajenga upya, watoto wamezaliwa mle. Kaka mkubwa ameshakula fedha. Dalali ameshabadili namba ya simu.

Ndipo pale ambapo ukimya wa dalali unakuwa dhuluma kwa watu wawili kwa mpigo, mnunuzi na warithi. Tunajua Qur'an imesema nini juu ya anayekula mali ya yatima. Anayeshika tochi ili mwenzake aione mali hiyo hawezi kusema yeye hakula. Dalali mwema, akisikia tu neno "nyumba ya mzee", aombe cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi na ridhaa ya warithi kwa maandishi, na awapigie simu yeye mwenyewe warithi walio mbali. Vikikosekana, asimpeleke mteja kabisa.

Na hata mwenye nyumba akiwa hai, dalali aulize: mama yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Si jambo la kuambiwa "mama amekubali, yuko shamba". Asikilizwe mwenyewe, na asaini.

Aibu za nyumba

Swahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) aliona mtu amenunua ngamia anaondoka naye. Akamfuata akamuuliza anamtaka kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, akamwambia kuwa mguu wa ngamia yule una tundu, hawezi kuhimili safari. Mnunuzi akarudi, na aliyeuza akamlaumu Wathila kuwa ameharibu biashara. Jibu la Wathila lilikuwa kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema si halali mtu kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayekijua kunyamaza. Zingatia hapo: si muuzaji peke yake anayewajibika. Anayejua naye amo. Na katika mtaa, hakuna anayejua aibu za nyumba kuliko dalali.

Anajua maji yanafika wapi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta watu wa bonde la Msimbazi wakiwa ndani ya nyumba zao, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Ukienda bondeni mwezi wa tisa utaona pamekauka, upepo mzuri, watoto wanacheza mpira. Dalali anapenda mwezi wa tisa. Mnunuzi mgeni apelekwe kuiona nyumba wakati wa masika, au walau aonyeshwe alama ya maji ukutani kwa jirani, maana kwenye nyumba inayouzwa rangi imeshapakwa.

Anajua pia mipaka ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Miongoni mwa waliobomolewa wamo watu walionunua kwa wengine, wakiwa na karatasi za mauziano na risiti. Kwa barabara kuu nyingine hifadhi ni mita 30 kila upande kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kwa hiyo nyumba "ya barabarani kabisa", ambayo dalali huisifia kwa fremu za maduka, ndiyo ya kupimwa kwanza kwa futi kamba. Alama ya X nyekundu ukutani kila mtu anaijua. Ambacho mgeni hakijui ni kutazama ukuta mmoja uliopakwa rangi upya ilhali mitatu imechakaa.

Mengine ni madogo lakini huleta magomvi. Kiwanja kimepimwa kwa hatua za miguu, na miguu ilikuwa ya muuzaji. Njia ya kuingilia inapita kwa jirani ambaye hajawahi kukubali kwa maandishi. Shimo la choo liko upande wa pili wa mpaka. Maji yanatoka mara moja kwa wiki, na siku ya kuonyeshwa nyumba ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Dalali si mhandisi wala si mpima, na hakuna anayemtaka awe hivyo. Anatakiwa aseme anachokijua, na asichokijua aseme "hili silijui", kisha amwelekeze mteja kwa mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa fundi, kwa mwanasheria, na hao wawe wa kuchaguliwa na mteja, si binamu zake. Imepokewa kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba wauziano wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara hiyo hufutwa. Wapo wanaoshangaa kwa nini dalali aliyeuza nyumba hamsini bado anapanga chumba.

Fedha za benki

Wengi wetu hatuna fedha taslimu za nyumba, na mkopo wa riba tunauogopa, na ni haki tuuogope. Siku hizi upo mlango mwingine. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki kamili ya Kiislamu nchini Tanzania, na benki nyingine zimefungua madirisha ya huduma hizo, kama CRDB walivyoanzisha Al Barakah mwaka 2021. Dalali si lazima awe mwanachuoni, lakini kuna jambo moja akilijua atawaokoa wateja wengi.

Katika murabaha, benki huinunua nyumba kwanza, ikawa yake, kisha ikamuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana, kwa mafungu. Tuseme nyumba ni milioni 50, benki inainunua, inakuuzia kwa 70 utakazolipa kwa muda mliokubaliana, na bei hiyo haiongezeki tena. Sasa dalali kwa haraka zake anamsainisha mteja mkataba wa kununua leo, advansi inatolewa, mauziano yanakamilika kwa jina la mteja. Kesho mteja anakwenda benki kutaka murabaha. Benki itamuuzia nini? Nyumba imeshakuwa yake. Kitu pekee kilichobaki kupewa ni fedha, na fedha kwa fedha zaidi ndiyo riba yenyewe tuliyokuwa tunaikimbia. Wapo waliojikuta hapo bila kukusudia, kwa kosa la siku moja.

Kwa hiyo dalali amuulize mteja mapema: unalipa kwa fedha zako au kupitia benki? Kama ni benki, basi kilichopo sasa ni kuahidiana tu na kumwomba mwenye nyumba asubiri, na mkataba wa mauziano uandikwe kati ya mwenye nyumba na benki. Katika ule utaratibu wa ushirika unaopungua, ambapo mteja na benki wanainunua nyumba pamoja, kisha mteja akawa analipa kodi kwa fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo, vivyo hivyo majina yaanze sawasawa tangu mkataba wa kwanza. Na benki haitagusa nyumba isiyo na hati safi, jambo ambalo peke yake ni upekuzi wa bure kwa mnunuzi mgeni.

Nirudi kwa kijana wetu. Baada ya kujua yaliyotokea alitaka kwenda polisi. Wazee wakamtuliza, wakamwita dalali, na kwa bahati naye ni mtu wa kuja msikitini. Likaulizwa swali kwa sheikh: je, zile milioni saba ni zake? Sheikh akataka kwanza aitwe mzee aliyeuza. Mzee akasema yeye alitaka 28 tu na kilichozidi hakukiulizia, ila hakumwambia dalali achukue. Sheikh akasema kwamba hapo hata ile kauli ya Ibn Abbas dalali hawezi kuishika, kwa kuwa mwenye mali hakumpa ruhusa, na kwa mnunuzi alisema uongo na akaleta mteja wa hewa. Akamtaka amuombe msamaha mzee na kijana, kisha wakae wasuluhishane. Mzee akasema kilichozidi haki yake amemuachia kijana.

Dalali alilia, akasema fedha ameshazitumia, zilikwenda kwenye ada za shule na matibabu. Wakakubaliana arudishe milioni tano kwa mafungu. Kwa mara nyingine tena ikaandikwa karatasi, safari hii mbele ya mashahidi wanne na bei ya kweli. Mpaka naandika makala haya amerudisha milioni mbili na laki tatu. Kijana ameshapiga lipu vyumba viwili.